Kete za babu

Wadau, juzi nusura nimchape mtoto. Ana miaka minne, na daftari la chekechea linataka aandike 1 hadi 50. Alipofika 12 akaanza kulia. Nami nina habari ya kumalizia, mhariri anapiga simu... hasira tupu.

Jioni nikamkuta barazani na babu yake, kwenye bao. Mashimo 32, kete 64. Anachota kete nne, na kabla hajadondosha hata moja anasema: "Babu, zitaishia pale!" Kweli, zikaishia pale. Jamani, hiyo si kujumlisha?

Daftari bado liko kwenye 12. Ila jana nilipocheza naye niliruka shimo moja kwa bahati mbaya. Akanishika mkono: "Baba, unaiba!"