Watu Kumi na Mmoja wa Mkunazini

Katika ratiba ya chuo chetu somo lile liliandikwa "Uhuishaji". Sisi wanafunzi tulisema animesheni, na mwalimu naye alisema animesheni, kwa hiyo zilipita wiki mbili kabla sijalitazama vizuri neno la ratiba nikaona kwamba ni neno letu la kanisani. Kuhuisha ni kutia uhai. Ni kazi tunayomtaja nayo Roho Mtakatifu, na mhubiri akifika kwenye bonde la mifupa mikavu la Ezekieli hawezi kulikwepa. Hapa lilikuwa limepangwa Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, baina ya "Upigaji Picha" na "Uhariri wa Sauti".

Mimi nimekulia Mbweni, katika mtaa wa Mtakatifu Yohana. Kila asubuhi nilipanda daladala hadi Darajani, kisha nikakata kwa miguu kupitia Mkunazini, chini ya mnara wa Kanisa Kuu, nikaingia vichochoroni mpaka chuoni. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani: wanafunzi kumi na wanne, kompyuta tisa, feni moja. Wakristo tulikuwa wawili. Msomaji wa bara huenda akaliona hilo ni jambo. Kwetu Unguja ndiyo hesabu ya kila siku, na mwezi wa Ramadhani hakuna aliyefungua chupa ya maji mbele ya mwenzake.

Programu tuliyofundishiwa inaitwa Blender. Ni ya bure, nayo ina kisa chake. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nayo ilikuwa imekwama, na watu wa nchi mbalimbali wakachanga euro 100,000 kwa wiki chache tu ili programu iachiwe iwe ya kila mtu. Mwalimu alisema "ilikombolewa". Sikusema kitu, lakini sisi tuliokulia Mbweni, kijiji ambacho misheni ilikianzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, neno hilo hatulitamki kwa haraka.

Ukiifungua unakuta vitu vitatu vinakungoja: mchemraba, taa na kamera. Ukiifuta taa, hata uwe umejenga jumba zima na madirisha yake, picha inatoka kiza. Kila kitu unakianza kwenye mchemraba ule. Unauvuta, unaukata, unaubonyeza, mpaka kidogo kidogo unakuwa mkono au mlango. Halafu kuna mwendo wenyewe. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, na katika picha hizo hakuna hata moja inayotembea. Jicho la mtazamaji ndilo linaloziunga. Nilipolielewa hilo nilitulia kidogo kuhusu lile neno la ratiba. Hatukuwa tunatia uhai popote. Tulikuwa tunapanga picha zilizokufa kwa ustadi.

Mwenzangu wa meza moja hakutulia. Alikuwa msichana wa Makunduchi, hodari kuliko sisi sote kwa kazi ya taa na kivuli. Ami yake alimkumbusha fundisho wanalolijua wengi katika dini yao, kwamba mwenye kuunda sura za viumbe ataambiwa Siku ya Kiyama azitie roho alizoziunda. Wapo wanazuoni wanaokataza kabisa, na wapo wanaotofautisha, na yeye alikuwa katikati akiwa na ada ya chuo iliyokwisha kulipwa. Siku moja aliniuliza, "Na nyinyi je? Padri wako anasemaje?" Nilikwenda kumuuliza padri kweli. Akanirudisha kwenye zile Amri Kumi, akanieleza tofauti ya kuchonga na kusujudia, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: huyo mwenzako anaiogopa kazi yake kuliko wewe, kaa naye karibu ujifunze. Mwishowe msichana yule aliamua mwenyewe. Atajenga mahali: kuta, boriti, milango, anga na mwanga. Watu hatawagusa. Ndivyo watu walivyonijia mimi.

Kazi ya kumalizia masomo ilikuwa filamu ya dakika mbili kuhusu mahali popote katika Mji Mkongwe, makundi ya watatu watatu. Kundi la mbele yetu lilichagua Forodhani na mishikaki yake, na lilicheka muda wote wa kazi. Sisi tulichagua Mkunazini kabla ya mwaka 1873.

Wasomaji wa kitabu hiki mnajua historia, nitaigusa tu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa palepale, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Mbele ya altare pana duara la marumaru sakafuni, na inasimuliwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu viboko. Nimepita kando ya duara lile mara nyingi kwenda kupokea Komunyo, na sijawahi kulikanyaga. Hakuna aliyenikataza.

Steere huyo alikuwa pia mtu wa mashine. Alichapa Kiswahili hapa Unguja kwa mtambo wa misheni, na waliojifunza kupanga zile herufi za risasi, moja moja na kinyumenyume, walikuwa vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mwalimu wetu alipopenda kutuambia kwamba sisi ni kizazi cha kwanza cha vijana wa Zanzibar kushika teknolojia ya habari, nilikuwa nikiwakumbuka.

Sasa niseme lililotushughulisha zaidi. Soko lilihitaji umati. Nilipomaliza kuunda mtu wa kwanza, mwalimu alikuja nyuma ya kiti changu akanionyesha njia ya mkato ambayo kila mwanafunzi huifurahia: bonyeza Alt na D, unapata nakala. Bonyeza tena, nyingine. Kwa dakika moja unaweza kulijaza soko watu arobaini, ukawageuzageuza kidogo ili wasifanane mno, na mtazamaji hatajua. Upande wa kulia wa kioo ipo orodha ya kila kilichomo ndani ya faili, na programu huzipa nakala majina yenyewe. Akanibonyezea tatu za mfano. Wa kwanza nilikuwa nimemwandika "Mtu". Chini yake wakajipanga: Mtu.001, Mtu.002, Mtu.003.

Nilimwomba azifute. Alishangaa, nami sikuwa na maneno mazuri ya kumweleza. Nilimwambia tu kwamba mahali pale watu walipangwa mstari wakahesabiwa, na mimi sitaki kuwapanga mstari na kuwahesabu mara ya pili. Alinijibu kwa upole, na kwa upande wa ufundi alikuwa sahihi, nasema hivyo hata leo. Kompyuta zetu zilikuwa dhaifu. Nakala arobaini zinazotumia umbo moja haziilemei mashine, lakini watu arobaini walioundwa kila mmoja peke yake wangeifanya igande. Muda ulikuwa wiki saba. "Utapata watu wangapi kwa njia hiyo?" aliuliza. Tulipata kumi na mmoja.

Nje ya Kanisa Kuu, ndani ya shimo, yapo masanamu matano ya saruji yenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden. Matano tu, kwa ajili ya maelfu. Nilikwenda kuyatazama Jumamosi kadhaa, nikiwa na daftari, wageni wakipiga picha juu ya kichwa changu. Hakuna sura mbili zinazofanana. Nilirudi chuoni nikamwambia mwalimu kwamba kumi na mmoja watatosha, na mwenzangu wa Makunduchi akapunguza mwanga pembeni mwa soko ili kiza kibebe wale tusioweza kuwaunda.

Wiki moja nzima ilikwenda kwenye nywele. Programu haioteshi nywele mpaka uipe idadi, na usipoipa inaweka yenyewe 1,000. Nilipoiona namba ile ikinisubiri ndani ya kisanduku chake kidogo nilisimama nikatoka nje kwenye kibaraza. Katika Luka sura ya 12 Bwana anapowatoa hofu wanafunzi wake huwatajia shomoro wa bei rahisi kabisa sokoni, kisha nywele za vichwa vyao, kwamba zinajulikana hesabu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya shomoro. Juu ya soko sijasikia, ingawa mfano wenyewe ni wa bei: wawauzao wanajua thamani yao, na Mungu anajua jambo jingine kabisa. Kichwa cha mtu kina nywele kama laki moja. Mashine yetu ilipumua kwa shida ilipofika elfu nane.

Likabaki suala la majina. Mwenzetu wa tatu, kijana wa Mwanakwerekwe, alisema kama hutaki namba basi wape majina: Mabruki, Feruzi, Baraka. Yalikuwa mazuri, na ni ya zama zile. Hapo nikawaeleza habari za Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kupewa upadri, mwaka 1890. Alikuwa Myao, akaingizwa utumwani angali mtoto. Cecil ni jina la ubatizo. Majaliwa ni Kiswahili. Mama yake alimwitaje? Mtu alitoka kwao na jina, bwana aliyemnunua akampa jingine, nasi Kanisa, kwa upendo, tukaongeza la tatu juu yake. Nilisema nisingependa kuwa wa nne.

Tulikaa kimya, feni ikizunguka. Kisha yule msichana akasema, "Basi andika wanachokifanya." Ndivyo ilivyo kwenye faili mpaka leo. Aliyeinama. Anayetazama mlango. Mwenye mtoto. Mtoto. Anayeshika ukuta. Wawili walioshikana mikono wameandikwa mara mbili, Aliyeshika na Aliyeshikwa, maana programu haikubali vitu viwili vya jina moja. Hakuna mtazamaji atakayeiona orodha ile. Lakini mimi niliyewafungua kila asubuhi kwa wiki saba niliiona.

Kutoa picha ndiko kulikochosha. Filamu yetu iliishia sekunde 50 badala ya dakika mbili, yaani picha 1,200, na kila picha ilichukua dakika nne. Hizo ni saa themanini. Padri aliturusu kutumia kompyuta ya ofisi ya mtaa usiku na mchana, mradi karani apate nafasi ya kuandika matangazo ya Jumapili. Umeme ulikatika tukiwa kwenye picha ya 731. Ukarudi, tukaendelea na 731, kwani kila picha ikishatoka inahifadhiwa peke yake. Mlinzi wa kanisa alizoea kuchungulia dirishani akiuliza, "Wamefika wapi?" Nilikuwa namjibu kwa namba ya picha, yeye akiuliza watu.

Filamu ilionyeshwa chuoni siku ya kufunga masomo, juu ya shuka jeupe. Wale wa Forodhani walipigiwa makofi mengi na walistahili. Yetu ilipokwisha watu hawakujua wafanye nini, halafu wakapiga makofi kidogo. Alama tulizopata zilikuwa za katikati, kwa sababu ya urefu. Bibi yangu alisema watoto wanaonekana wana baridi, wangepewa nguo.

Ami yake msichana alikuwa amekuja. Nilimwona amekaa nyuma, kofia kichwani, fimbo baina ya magoti, na nilijua jinsi anavyoona kazi ya kuunda watu, kwa hiyo sikusogea. Yeye ndiye aliyenifuata kibarazani. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, akaniuliza kama mimi ndiye niliyewafanya wale watu. Nilisema ndiye. Akauliza watu kama wale walikuwa wakitokea wapi. Nikamwambia ninachojua, kwamba wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakashushwa Kilwa, wakaletwa kwa majahazi.

"Bibi mzaa baba alikuwa akisema mama yake katokea huko," alisema. "Kwetu hilo halizungumzwi."

Mtoto wa kaka yake alisimama mlangoni na begi lake, naye kwa jinsi alivyomtazama ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia. Nilimuuliza mzee kama jina la yule mama linajulikana. Akalitaja, jina la hapahapa Unguja, la kawaida kabisa. La huko alikotoka, alisema, hakuna aliyewahi kulisikia. Kisha akaomba apewe ile filamu akawaonyeshe dada zake. Nikamwekea kwenye flashi, akaitia mfuko wa kanzu, wakashuka ngazi kuwahi gari la Makunduchi.