Ni ngapi?

Sisi ni watu wa Kivu tunaokaa Marekani, katika jimbo la Kentucky. Shemeji yetu ni mlinzi wa usiku, na kwa kazi hiyo alinunua bastola iliyokwisha kutumika, Smith & Wesson ya risasi sita. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1899, na mwaka 1957 ikapewa jina la Model 10. Ni silaha nzuri. Lakini mtambo wake, yaani kile kichuma kinachovutwa kwa kidole, ulianza kukwaruza kama bawaba yenye mchanga.

Jumapili moja jioni tuliketi jikoni kuitazama. Watoto tuliwatoa nje kwanza. Shemeji akafungua kigurudumu, akasukuma fimbo ya katikati, risasi zikaanguka mezani. Alipotaka kufunga, mama watoto akauliza: «Ni ngapi?» Tukahesabu: tano. Ya sita ilikuwa imeteleza chini ya ile nyota ndogo inayosukuma risasi, ikabaki tunduni mwake. Tukanyamaza wote. Kumbe tulikuwa karibu kuvuta mtambo nyumbani mwetu na risasi ingalimo!

Basi tukaitoa, tukapeleka risasi zote chumba kingine, ndipo tukaanza kazi. Tukatazama chini ya nyota: punje nyeusi za baruti isiyoungua zilikuwa zimeganda pale. Mtu akitoa maganda huku mdomo wa bastola umeelekea chini, punje hizo huanguka hapo. Nyota haikai vizuri, kigurudumu hubanwa, na kidole huona uzito. Tukasugua kwa mswaki wa zamani. Tukakaza pia fimbo ya katikati, maana ikilegea nayo hubana kigurudumu.

Kigurudumu kikazunguka vema. Hata hivyo mtambo ulikwaruza bado kidogo, kwa namna moja katika matundu yote sita. Hiyo ilikuwa alama: kama kosa lingalikuwa la tundu moja, lingalionekana mahali pamoja tu. Basi ugonjwa uliobaki ulikuwa ndani.

Jirani mmoja alikuwa ametushauri tufungue ubavu na kupiga tupa ndani. Tupa tulikuwa nayo, na shemeji alikwisha shika bisibisi. Lakini ndani mna meno madogo yanayoizuia nyundo. Ukiyala kidogo tu kwa tupa, mtambo utakuwa mwepesi kweli, lakini nyundo yaweza kuanguka siku usiyotaka. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Tulibishana sana, maana fundi anataka fedha, nasi hatukuwa nazo nyingi. Mwishoni tukaiweka bisibisi chini.

Fundi wa silaha alifungua ubavu mbele yetu. Hakukuwa na kilichovunjika. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamekauka, yakawa kama gundi. Akayaosha, akatia matone machache mapya, akafunga. Tupa hakuigusa.

Tangu siku hiyo bastola hulala katika sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi mahali pengine. Na kila shemeji arudipo kazini asubuhi na kuzitoa, mmoja wetu huuliza: «Ni ngapi?» Naye hajibu mpaka amekwisha kuhesabu sita.