Nusu ya Kisa cha Nabii Yaaqub



Wiki hii tumenuia kueleza kosa letu wenyewe. Wasomaji wametuzoea tukieleza makosa ya wengine, basi leo watuvumilie.

Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja tuliyemsomesha madrasani tangu alifu alitimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Alichukua cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wake na barua ya chifu. Akaulizwa karatasi za babu yake. Jamaa zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa swali hilo, kwani wengi wetu tumeulizwa. Babu mwenyewe alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, zama za Waingereza, na tarehe yake ya kuzaliwa ijulikanayo ni kwamba ulikuwa mwaka wa kusi kali. Hatimaye kijana alichukuliwa alama za vidole, akapewa ile karatasi ya kusubiria, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Akarudi. Akarudi tena. Jibu likawa ni lile lile: bado, njoo wiki ijayo.

Kila akitoka huko alipita kwetu, nasi tukimwambia, "Subiri, mwanangu." Tulimtolea kisa cha Nabii Yaaqub, alayhi salaam, aliyepotelewa na mwana kipenzi naye akashika subira njema. Kijana akiinamisha kichwa na kusema, "Inshallah, Maalim." Nasi tukirudi kitabuni tukidhani tumetimiza wajibu.

Wakati huo maisha yake yalikuwa yamesimama. Laini ya simu ilikuwa kwa jina la mamake, na ujira wa kubeba mizigo ukiingia katika M-Pesa ya mamake. Usiku hakutoka, maana askari wakimsimamisha hakuwa na cha kuonyesha ila karatasi iliyochanika mikunjoni. Kisha ikatokea nafasi ya mafunzo ya ubaharia, jambo alilolitamani tangu utotoni. Fomu ilitaka nambari ya kitambulisho. Nafasi ikapita.

Baada ya hapo mamake alikuja, akaketi barazani na buibui lake, akasema, "Maalim, leo nimekuja na swali la kitabu. Nabii Yaaqub alisubiri tu, au aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf?"

Tulinyamaza. Ni jambo tunalolisomesha kila mwaka. Katika sura ile ile ya Yusuf, mzee yule ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni ndiye aliyewaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Kijana tulikuwa tumemsomea nusu ya kisa.

Na tuseme kweli kwa nini. Kuusia subira hakumchoshi mwenye kuusia, ila kufuatana na mtu hadi ofisini kunachosha. Tena tuliogopa. Katika rika letu, anayeiuliza ofisi "kwa nini" huhesabiwa mkorofi, na sisi wenye kanzu na kofia tumepitia miaka ambayo dua yetu ilikuwa tusitazamwe kabisa. Mtu akiishi hivyo muda mrefu, huiita hofu yake jina zuri.

Usiku ule tuliomba msaada kwa mwanafunzi wetu wa zamani afanyaye kazi kwa wakili, akatuletea Katiba ya 2010. Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili pasipoti na hati zozote za kitambulisho zitolewazo na Serikali. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Cha 47 kinasema mtu akidhuriwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kisha akatuonyesha Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na hiyo ndiyo tuliyoisoma kwa kalamu mkononi. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sehemu hiyo tuliirudia mara mbili, maana miaka yote tulidhani ofisi hazielewi ila lugha ya wakili. Asiyeweza kuandika husema kwa mdomo, naye afisa akamwandikia. Hakuna ada ya kupeleka ombi, ingawa gharama ya nakala yaweza kutozwa. Haki hiyo haivunjwi na sababu zako za kuuliza. Na ofisi ina siku 21 za kuamua. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, kijana akatia sahihi. Haikuwa na matusi wala kilio. Iliuliza mambo matatu: faili iko wapi, imesimama kwa sababu gani, na ni nini kinachotakiwa ili iendelee. Tulitoa nakala mbili, tukaenda naye asubuhi.

Karani alisema, "Hapa hatupokei barua. Nani kawaambia?" Tulimsalimu, tukamtajia sheria na mwaka wake, kisha tukamwomba kwa upole atuandikie kwamba hapokei, pamoja na jina lake. Akaingia ndani. Ilipita nusu saa, na tunakiri mikono yetu ilikuwa baridi. Alipotoka alikuwa na muhuri. Akaigonga nakala yetu na kuandika tarehe.

Siku ya 19 kijana aliitwa. Kumbe babu hakuwa na neno. Ombi lilikuwa limerudishwa miezi kumi nyuma kwa sababu jina la baba lina herufi "h" mwishoni katika cheti cha kuzaliwa, na katika kitambulisho chake halina. Hati ya kiapo ilitosha, na hakuna aliyemwambia. Wiki sita baadaye kitambulisho kikatoka. Afisa aliyeitafuta faili hiyo alikuwa muungwana, na alituonyesha rafu zilivyoelemewa. Si haki kumnyima sifa yake.

Mwanzoni mwa 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa ule usaili wa ziada uliozibebesha baadhi ya jamii mzigo wa kuthibitisha uraia. Twashukuru. Lakini tangazo haliendi kuitafuta herufi moja iliyolala katika rafu.

Shekhe mwenzetu alituambia kwamba haya ni mambo ya dunia na hayamwelekei mwalimu wa dini. Tulimjibu kwa heshima kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu deni, kuandika na mashahidi. Tukamkumbusha Nabii Yusuf, aliyeitwa atoke gerezani naye asikubali mpaka kesi yake ichunguzwe kwanza, na yule bibi aliyemjadili Mtume juu ya mumewe mpaka sura ikaitwa kwa mjadala wake. Akacheka, akasema atafikiri. Wiki iliyofuata alituletea jirani yake mwenye shida ya cheti cha kuzaliwa.

Si kila kitu hutolewa. Sheria imezuia mambo ya usalama wa taifa na faragha za watu wengine, na hilo ni sawa. Ofisi ikikataa, mtu ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Hatujalazimika kufika huko, ila njia twaijua.

Kijana alipopata kitambulisho alikuja kutuonyesha. Hakutabasamu. Alisema, "Maalim, ile nafasi ya meli ilipita." Tukamtaka radhi. Akasema amesamehe, nasi tuliona kwamba anasema ukweli na kwamba bado inamuuma.

Siku hizi kila Alhamisi baada ya Alasiri tunaweka meza nje ya madrasa, na watu huja na karatasi zao. Yeye ndiye mwandishi, kwa kuwa hati yake ni nzuri kuliko yetu na hasahau kuandika tarehe. Wa mwisho kuandikiwa alikuwa mjane aliyeambiwa kwa miaka miwili kwamba faili ya malipo ya uzeeni ya marehemu mumewe "iko Nairobi". Nakala yake yenye muhuri iko ndani ya msahafu wake. Leo ni siku ya 14.