Wimbo Uliobaki

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo wa kompyuta uitwao Final Fantasy XIV, uliofunguliwa kwenye intaneti Septemba 2010, ulijitembeza sana. Mchezaji akibonyeza, jawabu lilichelewa. Akitaka kununua upanga, ilimlazimu apite kwa muuzaji mmoja baada ya mwengine, kwani soko lilikosa njia ya kutafutia bidhaa. Lawama zilizidi hata Square Enix ya Japani, kampuni iliyoutengeneza, ikaomba radhi na kusitisha ada ya mwezi.

Lakini muziki wake ulitungwa na Nobuo Uematsu. Mchezaji aliyechoka aliweza kumsimamisha shujaa wake msituni Gridania, upanga alani, akasikiliza tu. Miongoni mwa tungo hizo ni "Answers", maana yake "Majibu", alioimba Mmarekani Susan Calloway, akisindikizwa na okestra na kwaya.

Novemba 2012 ulimwengu ule ulizimwa. Katika filamu ya kuuaga, mwezi mdogo wa Dalamud unapasuka, joka Bahamut linatoka na kuiunguza nchi, na wimbo huo ndio unaosikika. Wimbo haukuponya kasoro hata moja. Uliupa mchezo heshima ya kuagwa; na anayeagwa kwa heshima hungojewa arudi.

Agosti 2013 ulirudi, umejengwa upya. Waliochoshwa na ule wa kwanza, wausikiapo wimbo leo, hukumbuka dhiki yao kwa mapenzi.