Mkate wa Triora

Baiskeli niliyojifunzia mimi ni ile nyeusi tuitayo blakmamba, yenye keria ya chuma nyuma, na kazi yake ilikuwa maji. Mitungi minne ya lita ishirini, safari tatu kwa siku. Kwetu, nje kidogo ya Malindi, njia ni mchanga mtupu, na lau mtu angeniambia kwamba kuna watu wazima wanaopanda milima kwa baiskeli bila mzigo wala malipo, ati kwa raha zao, ningemcheka hadi anione sina adabu.

Mwanzoni mwa Machi 2024 nikaenda kwa shangazi, Italia. Shangazi ameolewa na Mwitaliano, jambo ambalo Malindi halimshangazi mtu. Kule hata wauza vinyago wa ufukweni wanakijua Kiitaliano kuliko Kiingereza cha shule. Mume wake aliishi kwetu miaka mingi, kisha moyo ukamsumbua, akapasuliwa, wakarudi kwao Santo Stefano al Mare, mji mdogo kwenye pwani ya Liguria. Viza yangu ilikuwa ya siku 90. Kidato cha nne nilikimaliza kitambo, kazi sina, ila nilikuwa na madaftari matatu ya riwaya iliyokwama sura ya tano.

Mzee (ndivyo nilivyomwita, naye alipenda) alikuwa na baiskeli ya mashindano ya zamani, Bianchi, rangi yake ile ya kijani iliyochanganyika na bluu. Daktari alimkataza milima. Siku ya tatu akaitoa stoo, akajaza upepo, akaniambia kwa Kiswahili chake cha ufukweni: "Wewe nataka kuandika vitabu, sivyo? Basi hapa nyumbani kodi ni moja tu. Mchana panda baiskeli, jioni nieleze barabara. Yote. Usiruke kona."

Nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Nilianza na njia rahisi. Pale pwani palikuwa na reli ya njia moja kando ya bahari. Mwaka 2001 treni zikahamishiwa ndani, chini ya vilima, na reli ya zamani ikaja kugeuzwa barabara ya baiskeli, kilomita 24 kutoka San Lorenzo al Mare hadi Ospedaletti. Tambarare kabisa. Unapita nyuma ya nyumba za watu, unaona nguo zao zimeanikwa, unaingia kwenye mahandaki ya treni yenye taa. Baada ya Sanremo kuna handaki refu, Capo Nero, mita 1,750, na humo ndani kuta zinakusimulia historia ya mashindano ya Milano–Sanremo mwaka hadi mwaka, tangu 1907. Baridi yake! Mimi mtoto wa Malindi nilitoka meno yanagongana.

Mzee akasikiliza, akasema, "Hiyo ni njia ya watoto na mbwa. Kesho Cipressa."

Cipressa ni kilomita 5.6. Unaiacha barabara kuu ya pwani, Via Aurelia, pale San Lorenzo, unageuka kulia, na barabara inaanza kukupandisha kati ya mizeituni kwa ukuta hadi ukuta. Kila kona bahari inahama. Mara iko bega la kushoto, mara iko nyuma, mara huioni kabisa unabaki na jasho lako. Si mlima mkali. Mashindano yenyewe yaliuongeza 1982 ili kuwachosha wakimbiaji ambao wakati huo wameshakata zaidi ya kilomita 250. Mimi sikuwa nimekata hata kumi, na juu nilifika nikihema kama punda wa Lamu. Na Poggio, ulioongezwa 1960, ni mfupi zaidi, kilomita 3.7, unapita katikati ya nyumba za vioo wanamofuga maua. Nasema wanamofuga kwa makusudi. Maua yale yanatunzwa kama kuku. Mojawapo wanaliita garofano, na karafuu yetu pia wanaiita jina hilohilo, msumari wa garofano. Nilikaa na jambo hili siku nzima: karafuu na garofano ni neno moja lililosafiri njia mbili. Mzee hakuvutiwa. Alitaka kujua kama lami ya kona ya tatu bado mbovu.

Tarehe 16 Machi nilisimama Poggio na watu wengine mamia. Wakimbiaji walianzia Pavia asubuhi, kilomita 288. Tulingoja saa tatu. Walipita kwa muda wa kusema bismillahi. Akashinda Jasper Philipsen, Mbelgiji, lakini hilo nililijua kwenye runinga jioni. Nilichokiona mimi ni rangi, upepo, na mlio wa minyororo kama mvua juu ya mabati. Tangu siku hiyo wazee wa baa ya chini wakawa wananiita Girmay, kwa sababu ya yule Mweritrea Biniam Girmay aliyeshinda Gent–Wevelgem mwaka 2022. Mimi na blakmamba yangu! Sikuwakataza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Aprili Mzee akaniambia niende Triora. Unafuata pwani hadi Arma di Taggia, unaipa bahari mgongo, unapanda bonde la mto Argentina karibu kilomita 30. Taggia kwanza, na daraja lake la kale lenye matao mengi. Huko ndiko ilikopata jina zeituni ndogo nyeusi wanayojivunia. Kisha Badalucco, nyumba zimebanana juu ya mto. Kisha bonde linakuwa jembamba, maji yanasikika chini, jua linachelewa. Kisha Molini di Triora, maana yake vinu. Toka hapo barabara inajikunja na kupanda hadi Triora penyewe, mita 780 juu ya bahari uliyoiacha asubuhi. "Uniletee mkate," akasema. Mkate wa Triora ni wa duara, mzito, unakaa siku nyingi bila kuharibika.

Alinieleza pia habari za mji huo. Mwaka 1587 kulikuwa na njaa, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakakamata wanawake wakasema ni wachawi. Wakateswa. Wengine wakafia gerezani. Leo kuna jumba la makumbusho, na watalii wananunua vibibi vya kitambaa vilivyopanda ufagio. Mzee alilisimulia akicheka kidogo, kama mtu anavyosimulia ya kale.

Nilifika Molini miguu ikiwa mizima. Hili nataka lieleweke. Kwenye mlango wa duka moja vilikuwa vimening'inizwa vibibi hivyo, pua ndefu, nywele nyeupe za pamba, vinatabasamu. Nikasimama na mguu mmoja chini.

Nyanya yangu, mama yake shangazi na baba, hupaka nywele kanta kila mwezi. Si urembo. Kwetu Kilifi nywele nyeupe zimewaua wazee wengi. Mtoto anaugua, au shamba linagombewa, na mtu mmoja anasema tu yule bibi ni mchawi. Nyanya aliambiwa hivyo na watu waliokula kwake. Alitoka usiku akiwa na leso mbili. Sasa yuko mjini, chumba cha kupanga, na kanta mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia.

Nikageuza baiskeli.

Pale Arma kuna duka linalouza mkate wa Triora, kwani unasambazwa maduka mengi ya pwani. Nikanunua mmoja. Jioni nikamweleza Mzee kona zote, hadi zile nisizoziona. Nilisema kijiji kimening'inia kama kiota, nilisema upepo ulikuwa mkali, nilisema mama aliyeniuzia mkate alikuwa mcheshi. Nilisema vizuri, wallahi, kuliko siku zote. Mzee akaugeuza mfuko, akabandua kile kikaratasi cha bei chenye jina la duka la Arma, akakibandika ukingoni mwa meza, mbele yangu. Akakata mkate akala. Hakusema neno.

Kikaratasi kilikaa pale siku sita. Shangazi alipangusa meza kila siku akikizunguka, nadhani alidhani ni chetu sisi wawili. Nilikula nikikitazama. Nilijaribu kuandika, nikaona kila mstari una bei yake imebandikwa.

Siku ya saba nikaondoka alfajiri. Taggia, Badalucco, Molini. Vibibi vilikuwepo. Nikapita. Toka hapo mlima hauna huruma. Miti ya njugu kubwa pande zote, kona juu ya kona, na kila ukidhani umefika unaona ukuta wa kijiji bado uko juu ya kichwa chako. Nilishuka mara moja nikasukuma. Triora ni mawe matupu, vichochoro vyenye mapaa, paka, na kimya. Nilifika saa ya mapumziko ya mchana. Duka la mkate limefungwa. Nikakaa kwenye ngazi nusu saa, nikajaza chupa maji, nikashuka breki zikilia.

Jioni Mzee akatazama mikono yangu mitupu.

"Mkate?"

"Duka lilikuwa limefungwa, Mzee."

Akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Sasa ndiyo naamini. Haya, sema."

Nikaanza na mara ya kwanza. Nikamwambia niligeukia wapi na kwa nini. Nyanya, leso mbili, kanta. Jikoni maji ya bomba yakafungwa. Shangazi, naye, kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwambia mumewe kwamba mama yake alihamia mjini ili awe karibu na hospitali. Sikulijua hilo hadi nilipomwona amesimama mlangoni, mikono ina povu, ananitazama kama nimemvua nguo.

Mzee hakumtazama upesi. Alichezea kile kikaratasi kwa ukucha, kimegandamana na meza.

"Hiyo kanta," akauliza, "nauzwa pesa ngapi?"

Shangazi akamtajia bei, kwa shilingi.

"Na chumba?"

"Chumba unalipa wewe," shangazi akasema. "Ni ile pesa ya kila mwezi niliyokuambia ni ya dawa."

Akanyamaza kitambo. Nje pikipiki ikapita, ikaishia upande wa Riva Ligure. Shangazi akavuta kiti akaketi nasi, povu linakauka mikononi.

"Haya," Mzee akaniambia, sauti imeshuka. "Umetoka Molini. Kona ya kwanza iko kushoto au kulia?"

Nikamwambia.