Daftari la Mvua

Msomaji wangu, huenda katika shule yako, nyuma ya madarasa au kando ya bustani, kuna chombo kidogo cha bati au cha shaba kilichozungushiwa ua wa waya, nawe umekipita mara nyingi bila ya kukijali. Kimo chake hakifiki goti la mtu mzima. Hakina taa wala mshale wala sauti. Kazi yake ni kukaa na kungoja. Jina lake ni kipimamvua. Nataka kukusimulia jinsi chombo hicho kilivyonitia haya mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili, na jinsi haya hiyo ilivyonisukuma kutafuta habari za kazi kubwa ambayo mataifa yamekubaliana kuifanya pamoja juu ya hewa tuivutayo.

Nafundisha katika shule ya msingi upande wa Londiani. Asiyeijua Londiani na afikirie mji mdogo wa nyanda za juu, wenye baridi ya asubuhi na ukungu, uliozungukwa na misonobari na mitarakwa. Reli ya kwenda Kisumu imepita hapo, na Chuo cha Misitu kimekuwapo tangu mwaka wa 1957. Ukishika njia ya Kericho, misitu hupungua, na mashamba ya chai huanza kujitandaza mlima kwa bonde. Watu wa kwetu hulima viazi, mahindi na mboga, hufuga ng'ombe, na hutazama mawingu kuliko watazamavyo saa.

Nilipotoka katika chuo cha ualimu na kupangiwa shule hii, mwalimu mkuu alinikabidhi mambo matatu: hesabu ya darasa la sita, ufunguo wa kabati la vitabu, na daftari la mvua. Hayo mawili ya kwanza niliyapokea kwa heshima. La tatu nililipokea kama mtu apokeavyo mzigo wa mwenziwe njiani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, hutolewa chupa iliyo ndani ya kipimamvua. Maji yake humiminwa katika bilauri yenye mistari. Mtu huinama macho yake yawe sawa na uso wa maji, akasoma milimita, akaandika. Mwisho wa mwezi hesabu hupelekwa kwa watu wa hali ya hewa. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi zamu, nami nikitia sahihi.

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Aprili, nilikwenda kumwuguza mama yangu. Nilikaa siku nne. Sikumwachia mtu yeyote daftari, maana nilijiambia kuwa siku nne si kitu. Niliporudi nilikuta chupa imejaa, na maji mengine yamefurika katika kopo la nje. Nilipima yote pamoja, nikapata milimita 52. Basi nikaketi mezani, nikazigawanya kama mtu agawanyavyo nyama: siku ya kwanza 11, ya pili 17, ya tatu 9, ya nne 15. Nilitumia hata kalamu mbili, ili mwandiko uonekane wa siku mbalimbali. Msomaji, sikufichi kitu: nilipomaliza niliutazama ukurasa ule, nikaona umependeza.

Shule ilipofunguliwa, msichana mmoja wa darasa la sita alikuja mezani kwangu baada ya wenziwe kutoka. Nyumba yao iko ng'ambo ya ua wa shule. Alikuwa ameshika daftari dogo la mazoezi, amelikunja kwa mikono yote miwili, na macho yake alikuwa ameyaelekeza chini.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Mvua haikunyesha hivi."

Nilimwuliza ilinyeshaje. Akafungua daftari lake. Alikuwa hana bilauri wala chupa, lakini kila siku ya likizo alikuwa ameandika aliyoyaona. Siku ya kwanza: jua. Siku ya pili: jua, upepo jioni. Usiku wa kuamkia siku ya tatu: mvua ya mawe, viazi vyote. Siku ya nne: mawingu, hakuna mvua.

Aliandika "viazi vyote", basi, pasipo kueleza zaidi. Nilifahamu. Mvua ile ilianguka usiku mmoja kwa muda usiozidi saa moja, mawe yake yakapukutisha shamba la baba yake mpaka yakabaki mashina. Nami, kwa kalamu zangu mbili, nilikuwa nimeugeuza usiku ule kuwa siku nne za manyunyu mema yampendezayo kila mkulima. Mtu ambaye angesoma daftari langu baada ya miaka thelathini angesema kuwa Aprili ile Londiani ilibarikiwa. Msiba wa jirani yangu nilikuwa nimeufuta, na sahihi yangu ikiwa chini yake.

Hapa sina budi kukupeleka kando kidogo, maana mvua ya mawe si jambo dogo katika nchi yetu. Milima ya Kericho na Nandi yajulikana na wataalamu kuwa miongoni mwa mahali panyeshapo mawe mara nyingi kabisa duniani, na jani changa la chai halina kinga mbele ya jiwe. Kuanzia mwaka wa 1963, kwa muda wa miaka minne, makombora ya kupasuka yalirushwa katika mawingu ya Kericho ili kujaribu kuyavunja mawe kabla hayajaanguka. Baadaye, tangu 1967, zilitumiwa ndege zilizotia mawinguni moshi wa aidodi ya fedha. Mwaka wa 1982 mtaalamu Russell Schnell na mwenziwe walitoa habari ya ajabu zaidi: kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya miti huweza kuwa mbegu ambazo barafu hushikamana nazo mawinguni. Walidhani kuwa hiyo yaweza kuwa sababu mojawapo ya wingi wa mawe katika nchi ya chai. Schnell huyo baadaye alikuwa mkuu wa kituo cha Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, ambako kaboni dioksidi ya anga imepimwa tangu mwaka wa 1958. Lakini fikiri, msomaji: utajuaje kama kombora limesaidia, au kama vumbi la chai lina hatia, usipokuwa na hesabu ya kweli ya kila usiku wa mawe na kila usiku usio na mawe? Na hesabu hiyo huandikwa na nani, kama si na watu kama mimi?

Swali hilo lilininyima usingizi, nikaanza kuuliza na kusoma. Kwanza nilitaka kujua kwa nini ni saa tatu asubuhi, wala si saa nne, wakati wa mapumziko, ambao ungetufaa zaidi. Nikafahamu kuwa saa tatu yetu ndiyo saa kumi na mbili ya asubuhi kwa majira ya Greenwich, nayo ni moja ya saa ambazo dunia nzima imeafikiana kutazama anga kwa pamoja. Mwanafunzi wangu ainamapo juu ya bilauri yake, wako watu katika nchi nyingine, wengine mchana na wengine gizani, wanaosoma vyombo vyao dakika ile ile. Mapatano hayo ni ya zamani. Mwaka wa 1873 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Vienna, wakaanza umoja wao. Mwaka wa 1950 ukageuka kuwa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo leo lina wanachama zaidi ya 190. Mwaka wa 1963, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipokuwa zikitazamana kwa jicho la uadui, shirika hilo lilianzisha mpango wa kupashana habari za anga kila siku, na mahasimu hao wakapeana hesabu za upepo na mvua. Wingu halina pasi ya kusafiria.

Nilipokuwa mwanachuo tulipata kupelekwa Nairobi, tukafika Dagoretti Corner, makao ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Tuliona puto kubwa jeupe likiachiwa, limefungiwa chombo mfano wa kisanduku cha chaki, likapaa mpaka likawa nukta. Siku ile nilicheka pamoja na wenzangu. Sasa najua kuwa tangu mwaka wa 1996, kwa msaada wa Uswisi, puto za Nairobi huchukua pia chombo cha kupima ozoni, na hupanda yapata kilomita thelathini kabla ya kupasuka. Ozoni ni hewa ya tabia mbili: ikiwa huku chini karibu nasi hudhuru mapafu na mimea, ikiwa kule juu hutukinga na miali mikali ya jua.

Yako mambo ambayo puto haliwezi kuyafanya, maana hupita mara moja na kwisha. Kwa hiyo mwaka wa 1989 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mpango wa kulinda anga ya dunia, wenye vituo vya kupima, mwaka hata mwaka, hewa ambayo haijachafuliwa na jirani wa karibu. Vituo vikuu vya mpango huo ni thelathini hivi katika ulimwengu mzima, na katika nchi za joto ni vichache mno. Kimoja kiko kwetu. Kimejengwa katika mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari, na kilifunguliwa mwaka wa 1999. Kutoka Londiani, kama ungekuwa ndege, ungeruka yapata kilomita 190 kuelekea mashariki, ukifuata karibu sana mstari wa Ikweta. Mchana, jua lipashapo mteremko, upepo hupandisha hewa ya mashamba na moto wa vijiji mpaka kituoni; usiku hewa safi ya juu huteremka, na vyombo huonja anga yenyewe. Hupimwa ozoni, hupimwa kaboni monoksidi, ambayo ni alama ya vitu viunguavyo, kama nyika zichomwazo, makaa na magari. Tangu mwisho wa 2003 hata 2011, chupa za kioo zilijazwa hewa ya mlima na kusafirishwa mpaka Boulder, Marekani, zikapimwa huko.

Kazi ya kituo kile imepata kukatizwa na shida ya umeme, na katika orodha za vipimo vyake kuna nafasi. Jambo hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Wale wataalamu hawakuzijaza nafasi hizo kwa kukisia, kama nilivyofanya mimi. Katika majedwali ya namna hiyo, mahali pasipokuwa na kipimo mara nyingi hutiwa tisa nyingi mfululizo, tarakimu ambayo hakuna hewa wala mvua iwezayo kuifikia, ili msomaji asidanganyike. Na ni vema, maana mara nyingine tarakimu isiyotazamiwa ndiyo ya kweli. Kule Halley, katika barafu ya ncha ya kusini, Waingereza walipima ozoni tangu miaka ya 1950. Hesabu za Oktoba, zilizokuwa karibu 300, zilianza kushuka mpaka chini ya 200. Setilaiti nayo ilikuwa imepita juu ya mahali pale, lakini tarakimu zake za chini mno zilikuwa zimewekwa kando kwa kutiliwa shaka. Waingereza walivichunguza vyombo vyao, wakarudia, na mwaka wa 1985 wakatangaza walichokiona. Baada ya miaka miwili tu mataifa yalitia sahihi mapatano ya Montreal ya kuzuia kemikali ziharibuzo ozoni, na ofisi ya mapatano hayo iko Nairobi hivi leo. Laiti mmoja wao angalisawazisha hesabu zake ili ukurasa upendeze!

Kadi ya Aprili ilikuwa imekwisha kupelekwa. Niliandika barua, nikaeleza yote, hata habari ya kalamu mbili, ingawa hiyo hakuna aliyeniuliza. Niliambatisha nakala ya maneno ya msichana yule kwa idhini yake na ya baba yake. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Lilikuwa fupi: nashukuriwa, hesabu za siku nne zimefutwa, na jumla yake imewekwa siku ya mwisho pamoja na alama, na siku nyingine nikiwa sipo, niache patupu. Halikuwa na neno la kunikaripia. Naliona jibu hilo lilikuwa zito kuliko karipio.

Nilikwenda pia kwa baba yake msichana. Alinikaribisha chai, tukaketi nje, tukalitazama shamba lake lililokwisha kulimwa upya. Nilimweleza nilivyofanya. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama sasa imeandikwa kuwa yalikuwa mawe. Nilimwambia imeandikwa. Akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea chai.

Ukurasa ule sikuung'oa. Zile tarakimu nne nimezipiga mstari mmoja mmoja, zingali zasomeka, na chini yake nimebandika maneno ya msichana kwa mwandiko wake. Yeye sasa yuko shule ya upili. Kila mwaka niwapapo wanafunzi wapya zamu ya kipimamvua, huwafungulia ukurasa huo kabla ya kuwaonyesha bilauri, nao hunitazama kwa mshangao, kisha hutazama sahihi, kisha hunitazama tena.

Leo asubuhi anga lilikuwa jeupe. Mvulana wa zamu alikwenda saa tatu kamili, akaitoa chupa, akaigeuza juu chini, akaipigapiga kwa kiganja, akachungulia ndani kwa jicho moja. Hapakuwa na tone. Alirudi mbio akipumua, akaandika 0.0, akanisogezea daftari nitie sahihi.