Ziwa Moja, Vidimbwi Vingi

Katika Ziwa Katwe, hapa kwetu Kabatoro, kila kidimbwi cha chumvi kina mwenyewe, nacho kimetengwa na cha jirani kwa kingo za udongo na miti. Kimoja kikiharibika, vingine huendelea. Lakini mvua kubwa ikilijaza ziwa lenyewe, hasara ni ya wote. Kwa mfano huo nilimweleza dada yangu kwa nini kompyuta ya duka lake la kuchapa ilikuwa ikizimika ghafla na kuonyesha skrini ya buluu.

Programu ya kuandikia barua ni kidimbwi: ikikwama, unaifunga. Kiini cha mfumo endeshi ndicho ziwa. Programu iliyomo humo ikikosea, mfumo mzima husimama. Dunia iliyaona hayo tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows.

Uganda, VPN zilienea baada ya kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, kuanza Julai 2018. Januari 2021 Facebook ikafungwa, na haja ya VPN ikazidi. Nyingi kati ya hizo, zikiwekwa kwenye kompyuta, huingiza kiendeshi cha mtandao ndani ya kiini. Kompyuta ya dada ilikuwa na VPN mbili, kwa ajili ya wateja.

Fundi mmoja alisema RAM imekufa, heri anunue kompyuta nyingine. Dada, ambaye hunilipia karo, akaniambia, "Mdogo wangu, muhula huu itabidi ungoje."

Nilimwomba siku mbili. Alikuwa ameipiga picha skrini ile mara tatu kwa simu, na zote zilitaja faili lile lile la mtandao. RAM mbovu kwa kawaida hutaja mafaili tofauti tofauti. Tuliiwasha kompyuta katika hali salama, bila mtandao. Kutwa nzima haikuzimika. Tukairudisha katika hali ya kawaida, tukaondoa VPN moja: ikazimika tena. Tukaondoa ya pili, pamoja na kiendeshi chake kilichobaki kwenye orodha ya vifaa vya mtandao. Ikatulia.

Karo ililipwa. Wenzangu, kabla ya kununua kifaa kipya, someni jina la faili, kisha mwondoe kimoja kimoja. Na programu ikiomba ruhusa ya kuingia kwenye kiini, tujue kwamba tunaikabidhi kompyuta nzima.